Oili ya gia boksi ya auto: uimwage mwenyewe au umwachie fundi?

Uliza popote penye wenye magari kama oili ya gia boksi ya auto imwagwe au iachwe, utapata majibu mawili yanayogombana. Mmoja atakuambia usithubutu: shemeji yake aliimwaga, hazikupita wiki mbili gari likakataa kwenda mbele, ikabaki rivasi tu. Mwingine atakuambia ni kazi ya nusu saa, spana moja na lita nne za oili nyekundu, hata kijana anayeosha magari anaiweza. Wote wawili wanasimulia walichokiona. Shida ni kwamba wanazungumzia magari tofauti, yenye gia boksi tofauti zilizokuwa katika hali tofauti, na wewe unatakiwa uamue kuhusu gari lako moja.

Msimamo wangu nauweka mapema. Kwa magari mengi ya Kijapani yanayotembea Dar, Mombasa, Arusha au Kampala, kumwaga oili hii mwenyewe kunawezekana, na kufungua nati ndiyo sehemu rahisi kuliko zote. Kinachoamua kama gia boksi itadumu au itakufa ni maswali yanayotangulia spana: ni ya aina gani, inataka oili ipi, kiwango chake kinapimwaje, na kwa sasa ina hali gani. Mwenye majibu hayo anaweza kuingia chini ya gari kwa amani. Asiyekuwa nayo, hata akimpa fundi kazi hajasalimika, maana fundi naye huenda hana.

Oili hii ina kazi gani

Oili ya injini hulainisha, husafisha na hupoza. Ya gia boksi ya auto ina mzigo mkubwa zaidi. Inalainisha gia na beringi, inabeba joto na kulipeleka kwenye kipoza ambacho kwenye magari mengi kimezamishwa ndani ya rejeta, na juu ya hayo yote ndiyo inayolisukuma gari. Unapoachia breki kwenye mataa, hakuna chuma kinachounganisha injini na magurudumu. Ndani ya toki konveta mna pangaboi mbili zinazotazamana: moja inazungushwa na injini na kuirusha oili, nyingine inasukumwa na oili hiyo, gari linaondoka. Na gia zenyewe hubadilishwa na presha ya oili. Pampu inaisukuma, valvu bodi inaielekeza, pakiti hii ya klachi inabanwa na ile inaachiwa.

Klachi hizo ni sahani nyembamba za chuma zinazopishana na sahani zilizobandikwa karatasi ngumu ya msuguano, zote zimelowa oili. Zikishikana ghafla, gari linagonga. Zikichelewa kushikana, zinateleza na kuungua. Kinachozipa mshiko wa kiasi ni kemikali zilizochanganywa kwenye oili, na kila kampuni ina mchanganyiko wake. Wamarekani zamani walitumia mafuta ya nyangumi kwa kazi hiyo, mpaka sheria za kulinda wanyama za mwanzoni mwa miaka ya 1970 zilipowalazimisha watafute kitu kingine.

Adui mkubwa wa kemikali hizo ni joto. Wanakemia wana kanuni yao ya kukadiria: joto likipanda kwa nyuzi 10, oili inaharibika kwa kasi karibu mara mbili. Maana yake gia boksi iliyozoea nyuzi 90 ikashinda kwenye nyuzi 110, oili yake inazeeka mara nne zaidi. Na foleni ndiyo tanuri lenyewe. Gari likitambaa kutoka Ubungo kwenda Kimara jioni, toki konveta inateleza muda wote badala ya kufunga kama inavyofunga kwenye barabara kuu, na upepo wa kupoza rejeta haupo. Kilomita 10 za namna hiyo hazilingani na kilomita 10 za Chalinze, ingawa kwenye dashibodi zinasomeka sawa.

Jina moja, gia boksi mbalimbali

Hapa ndipo wengi wanapopotea. Gari lenye pedeli mbili tunaliita auto, tunamaliza. Kumbe chini ya jina hilo kuna mashine zisizofanana kabisa.

Ya kwanza ni auto ya kawaida, yenye toki konveta na pakiti za klachi nilizozieleza. Hii ndiyo iliyomo kwenye Toyota IST za toleo la kwanza, Harrier za 2003 hadi 2013, Mark X, Prado. Ya pili ni CVT, ambayo haina gia za hatua: kuna mkanda wa chuma unaozunguka kati ya puli mbili zinazopanuka na kusinyaa. Nissan nyingi za karibuni zina CVT, X-Trail T31 na Juke zikiwemo. Subaru Impreza na Forester nyingi za kuanzia 2012 vilevile, na Toyota ndogo nyingi. Ya tatu ni ya klachi mbili inayoendeshwa na kompyuta, kama ile ya Honda Fit Hybrid iliyotoka 2013 na zile za Volkswagen.

CVT inataka oili yake peke yake. Mkanda wa chuma unaishika puli ya chuma kwa msuguano tu, na oili ya CVT imetengenezwa ili chuma hicho kisiteleze. Ukiweka ATF, yaani oili nyekundu ya auto ya kawaida, humo, gari linaweza kutembea, ukadhani mambo yamekwenda vizuri, huku mkanda unakwangua puli kila unapokanyaga mafuta. Hakuna dawa ya hilo zaidi ya kutafuta gia boksi nyingine.

Usilitegemee jina la gari. Toyota Fielder ya 2004 na Fielder ya 2008 ni Fielder zote, zinauzwa na dalali yuleyule. Ya kwanza ina auto ya gia nne yenye dipstiki, kile kijiti cha kupimia oili, na inatumia oili ya Toyota iitwayo Type T-IV. Ya pili kwa kawaida ina CVT, inataka oili ya CVT. Tena kuna mtego wa mahaibridi, magari yenye injini na mota ya umeme: Prius na Aqua kwenye makaratasi zinaitwa e-CVT, lakini ndani hamna mkanda wala puli, na Toyota wanazijaza ATF WS. Mtu akisoma herufi tatu akanunua oili ya CVT, amekosea japo alijitahidi kusoma.

Njia ya uhakika ni bamba. Kwenye Toyota za Japani fungua bonati, au tazama kwenye nguzo ya mlango, kuna bamba dogo la chuma lenye namba ya chesesi na rangi ya gari. Tafuta mstari wa TRANS/AXLE au A/TM. Ukikuta namba ya gia boksi inaanza na K, hiyo ni CVT. Ikianza na U, ni auto ya kawaida ya gari linalovuta kwa mbele. Ikianza na A, kwa kawaida ni ya gari linalosukuma kwa nyuma, ingawa Toyota za zamani zinazovuta kwa mbele nazo zilitumia A. Kwenye zenye dipstiki, chomoa dipstiki yenyewe uifute: mara nyingi aina ya oili imegongwa kwenye bati lake. Nissan, Honda, Subaru na Mazda wana mpangilio wao, ila kitabu cha gari au namba ya gia boksi ukiitafuta mtandaoni itakutoa gizani.

Oili ipi

Fundi atakayekwambia "bosi, oili ya auto ni moja tu, hii nyekundu" mshukuru, kisha usimpe kazi. Toyota peke yao wamepita kwenye T-IV wakaja WS. Nissan wana Matic-D, J na S kwa auto, halafu NS-2 na NS-3 kwa CVT. Honda walitoka Z1 wakaenda DW-1. Mitsubishi wana SP-III. Tofauti kubwa ya makundi haya ni uzito. T-IV na Dexron III ni za zama za zamani, na zikiwa zimepata moto wa nyuzi 100 mnato wake ni karibu 7 kwa kipimo cha sentistoki. WS na Dexron VI ni nyepesi zaidi, ziko karibu na 6 au chini ya hapo, kwa sababu watengenezaji wanatafuta kupunguza ulaji wa mafuta. Kuweka nzito kwenye ya nyepesi, au kinyume chake, hakuliui gari siku hiyo. Kunabadilisha namna klachi zinavyoshika, na hesabu yake unakuja kuiona baadaye.

Zipo oili za makampuni yanayoheshimika zinazoandikwa kwamba zinafaa magari mengi. Sina ugomvi nazo, mradi jina la oili yako liwe limeandikwa waziwazi nyuma ya galoni. Ikiandikwa "kwa magari ya Asia" tu, irudishe kwenye rafu. Na oili feki ipo. Galoni lenye sili iliyolegea au lebo iliyofifia liache, hata kama bei inakuchekea.

Shemeji na gia boksi iliyokufa

Sasa yule aliyemwaga gari likafa. Wengi wetu hatuikumbuki oili ya gia boksi mpaka gari lianze visa: linachelewa kupokea D, injini inapandisha mlio bila mwendo kuongezeka, gia ya pili inaingia na kishindo. Hapo ndipo mtu anaambiwa amwage oili. Kwa wakati huo karatasi za klachi zimeshalika na mipira ya sili imeshakauka. Oili mpya hairudishi karatasi. Wapo wanaosema oili ya zamani iliyojaa unga wa klachi ndiyo iliyokuwa ikisaidia kushika, na kuiondoa ni kuiondolea gia boksi mshiko wake wa mwisho. Hoja hiyo ina chembe ya ukweli kwa gia boksi iliyokwisha kabisa, lakini gia boksi ya namna hiyo ilikuwa inahesabu siku zake, imwagwe isimwagwe. Oili ikabebeshwa maiti isiyo yake.

Kwa hiyo, kama gari tayari linateleza au linagonga, usianze na kumwaga. Anza na mashine ya kusoma kompyuta ya gari, ujue kama kuna kosa la solenoidi (valvu ndogo ya umeme) au sensa. Ukiamua kumwaga baada ya hapo, fanya ukijua ni kujaribu bahati, na usimlaumu aliyeshika spana.

Kitu chenye hatari ya kweli ni kuflashi kwa mashine inayosukuma oili kwa nguvu, kwenye gia boksi yenye kilomita nyingi ambayo haijawahi kuguswa. Uchafu uliotulia miaka kumi ndani ya sampu, lile bakuli la oili chini ya gia boksi, unaweza kuinuka ukaenda kukwama kwenye matundu ya valvu bodi. Kumwaga kwa kufungua kizibo cha chini na kujaza upya hakuna purukushani hiyo. Upungufu wake ni kwamba hakutoi oili yote: sehemu kubwa inabaki ndani ya toki konveta na kwenye mabomba ya kipoza. Chukulia gia boksi inayobeba lita 7.5 ambayo kwa kizibo zinatoka lita 3. Ukimwaga mara moja, asilimia 40 ni mpya. Ukimwaga tena baada ya kutembea, inafika 64. Ya tatu, karibu 78. Kwa gari ambalo hujui historia yake, mpango wa mara mbili au tatu zilizoachana ni wa busara kuliko flashi moja ya kishindo.

Na magari yetu mengi historia zake hatuzijui. Yanashuka melini na kilomita zilizoandikwa kwenye dashibodi, oili ya gia boksi haijaandikwa popote. Baadhi ya watengenezaji huandika kuwa oili hiyo ni ya maisha. Maisha ya nani, hawasemi. ZF wa Ujerumani, wanaoitengenezea BMW gia boksi, wao wenyewe wanashauri oili ibadilishwe kati ya kilomita 80,000 na 120,000, au kila miaka 8, kutegemea gari linavyoendeshwa, ilhali kwa miaka mingi BMW waliiita ya maisha. Kwa gari la foleni za mjini, mimi sioni ubaya wa kumwaga kila kilomita 50,000 au 60,000.

Kipimo ndicho kinachotenganisha

Kwenye injini, oili ikizidi nusu lita utasamehewa mara nyingi. Gia boksi ya auto haina msamaha huo. Ikipungua, pampu inavuta hewa, presha inashuka, klachi zinateleza. Ikizidi, gia zinaikoroga ikatoa povu, na povu halina presha. Halafu oili hii hutanuka sana ikipata joto, kwa hiyo kiwango bila halijoto hakina maana.

Gari lenye dipstiki ndilo rafiki wa mwenye gari. Kwa Toyota unalitembeza mpaka lipate joto, unaliegesha pasipo mteremko, injini ikiwaka na mguu kwenye breki unapitisha gia zote polepole kutoka P mpaka L na kurudi P, kisha unachomoa dipstiki, unaifuta, unairudisha, unaichomoa tena. Oili inatakiwa isimame kati ya alama mbili za HOT. Alama za COOL ni za kukadiria tu wakati wa kujaza. Honda nao wana desturi yao: gari likishapata joto unazima injini, unapima ndani ya dakika moja hadi moja na nusu. Aliyezoea Honda akipima Toyota kwa mazoea yake atasoma uongo, na wa Toyota vilevile.

Kazi inakuwa nyingine kabisa kwenye gia boksi zilizofungwa, zisizo na dipstiki. Toyota nyingi za WS ziko hivyo. Kuna kizibo cha kujazia ubavuni na kingine chini ya sampu, pembeni yake pamegongwa neno CHECK. Unajaza, unawasha injini, unasubiri oili ifike halijoto iliyotajwa kwa gari hilo, mara nyingi kati ya nyuzi 35 na 45, kisha unafungua kizibo cha CHECK gari likiwa limenyanyuliwa sawasawa pande zote nne. Oili ikitiririka, ilizidi. Ukiona imebaki kudondoka tu, funga. Hapo unahitaji mashine ya kusoma joto la gia boksi, stendi nne na uwanja wa sakafu. Usipokuwa navyo, hiyo ni kazi ya kulipia. Baadhi ya CVT za Nissan nazo zina mdomo wa kujazia uliofungwa kwa kufuli ya plastiki, ukifungua hukuti dipstiki ndani.

Ipo njia ya mkato ambayo naiona ya haki kwa gia boksi zilizofungwa: pima kilichotoka, rudisha kiasi kilekile. Ina masharti mawili. Oili mpya iwe na joto linalokaribiana na la iliyotoka ulipoipima, na kiwango cha awali kiwe kilikuwa sahihi. Kama gari lilikuwa linavuja, utarudisha upungufu uleule.

Aqua na Prius ndizo nyepesi kuliko zote. Hazina mambo ya kuwasha injini na kupima joto: unafungua kizibo cha juu, unamwaga kwa cha chini, unajaza gari likiwa limelala sawa mpaka oili ifike mdomo wa tundu la juu, unafunga.

Nani aifanye

Video nyingi za kazi hii zimetengenezwa Marekani na Ulaya, na huko sababu ya mtu kujifanyia ni pesa: saa ya fundi ni ghali kuliko oili. Kwetu hesabu imegeuka. Ufundi ni wa bei nafuu, galoni la oili halisi ndilo linalouma. Ukijifanyia unaokoa kiasi kidogo sana, na ukijumlisha stendi, trei na soketi unaweza kuwa umeongeza gharama.

Unachokinunua kwa kujifanyia ni uhakika. Unajua oili gani imeingia, lita ngapi, na kwamba kizibo kilichofunguliwa ndicho. Hilo la mwisho si dogo. Kwenye Subaru na CVT kadhaa, kizibo cha gia boksi kimekaa jirani na cha injini, na kosa la fundi kumwaga oili ya gia boksi akidhani ni ya injini, halafu akaongeza lita nne kwenye injini iliyojaa, linatokea mara nyingi kuliko gereji zinavyokiri. Mwenye gari anaondoka na gia boksi kavu na injini iliyofurika, anashangaa taa zinawaka zote kwa pamoja.

Kwa hiyo kwa watu wengi napendekeza njia ya katikati, ambayo kwa spea tunaifanya kila siku. Nenda mwenyewe Gerezani kama uko Dar, au Kirinyaga Road kama uko Nairobi, nunua oili kwa namba uliyoitoa kwenye bamba, chukua filta na gasketi ya sampu, mpelekee fundi, kisha simama pale. Mwombe akinge kwenye chombo chenye vipimo. Muulize kabla hajaanza atapimaje kiwango. Akikujibu "tunajaza mpaka itoshe", fungasha galoni lako.

Anayebaki na sababu ya kujifanyia kweli ni mwenye gari lenye dipstiki na kizibo cha kumwagia, ua wenye sakafu, na subira. Mwenye CVT isiyo na dipstiki, klachi mbili, au sampu isiyo na kizibo kabisa, mimi ningemwambia alipe.

Ukiamua kuingia chini

Kabla ya kununua chochote, chomoa dipstiki udondoshe tone kwenye karatasi nyeupe ya chooni. Nyekundu au ya hudhurungi nyepesi inayosambaa, endelea. Nyeusi yenye harufu ya kuungua na doa la unga katikati, rudi kwenye yale ya gia boksi iliyochoka. Ukiona rangi ya waridi iliyochanganyika na kitu cha maziwa, simama hapohapo na usiwashe gari: kipoza kilichomo ndani ya rejeta kimetoboka, maji yameingia kwenye gia boksi. Karatasi za klachi hunyonya maji zikabanduka. Rejeta inabadilishwa kwanza, oili baadaye, tena mara kadhaa. Magari yanayojazwa maji ya bomba badala ya kulanti, maji maalumu ya rejeta, ndiyo yanayojitafutia balaa hili, kwani kutu inakula kwa ndani bila kuonekana.

Liwashe gari dakika chache tu oili iwe vuguvugu. Ya moto kabisa inababua. Nyanyua kwa jeki, lakini usiingie chini mpaka gari likae kwenye stendi na magurudumu yamewekewa vigingi. Kwenye ua wa mchanga jeki huzama taratibu, weka ubao mpana chini yake. Halafu fungua kizibo cha kujazia, au hakikisha mdomo wa dipstiki uko wazi, kabla hujagusa cha kumwagia. Kuna watu wameshamwaga oili yote ndipo wakagundua kizibo cha kujazia kimeganda hakitoki, na gari halina tena pa kwenda.

Oili ikiisha kuchuruzika, imimine kwenye chupa za lita moja uone ni kiasi gani. Ukifungua na sampu, shusha upande mmoja kwanza kwa sababu bado imebaki oili ya kukuogesha. Ndani utakuta sumaku ndogo zilizobandika tope laini la kijivu. Hilo ni chuma kilichosagika kwa miaka, ni kawaida, zifute zing'ae uzirudishe palepale. Ukiona vipande unavyoweza kuvishika kwa kucha, hiyo ni habari nyingine. Bolti za sampu ni nyembamba, zinaingia kwenye aluminiamu, na nguvu yake ya kukaza kwa kawaida haifiki Nm 10. Mkono uliozoea nati za gurudumu utazikata. Zizungushe zote kwa vidole kwanza, kisha kaza kwa kupishanisha pande.

Rudisha kiasi kilekile kilichotoka kupitia faneli yenye mpira mrefu, washa, pitisha gia, pima, tembea kilomita kumi hivi, pima tena. Asubuhi yake tazama sakafuni kama kuna tone. Oili chafu usiimwage mtaroni. Gereji nyingi zina mtu anayepita kuikusanya, wampe na yako. Bandika kipande cha plasta ndani ya bonati uandike tarehe, kilomita na jina la oili. Baada ya kilomita elfu moja au mbili, mwaga mara ya pili, na safari hii sampu huna haja ya kuishusha.